Vyumba Sita vya Kinyozi

Kinyozi alinunua nyumba ya vyumba sita akiwa na miaka hamsini na mmoja, na mwezi ule wa kwanza hakuna mteja aliyeinuka kwenye kiti chake bila kuisikia habari hiyo. Alikuwa ameweka akiba miaka kumi na minane, na mkewe, fundi cherehani, ametia ya kwake. Aliyewauzia alikuwa mzee mjane aliyekuwa akiishi humohumo, chumba cha nne, na sasa alikuwa anahamia kwa binti yake. Mzee hakubishana sana bei. Alitaka kuondoka kabla magoti hayajamshinda.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia. Vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, katikati uwanja wa saruji wenye bomba moja, na kule mwisho choo na bafu. Mbele kulikuwa na ukuta mfupi wa matofali, nusu yake imeanguka miaka mingi iliyopita na hakuna aliyeuinua. Lakini ukiacha kile cha mzee, vyumba vyote vilikuwa na watu, na watu walikuwa wakilipa.

“Sasa na wewe umekuwa mwenye nyumba,” wateja walimwambia, kisha wakaanza kumshauri.

Kinyozi ana shida moja ambayo watu wa kazi nyingine hawana. Anayemshauri yuko mikononi mwake, hawezi kumkimbia, na hawezi kumwambia anyamaze wakati wembe uko shingoni. Basi akashauriwa. Mwalimu mstaafu alimwambia asimpangishe mtu mwenye watoto. Dereva wa lori alimwambia asimpangishe mtu asiye na watoto. Muuza vipuri alimwambia auze haraka, na huyo alikuwa hajawahi kumiliki hata banda la kuku.

Lakini aliyeingia kichwani kwake ni dalali mmoja aliyekuja kila Jumamosi kutengenezwa ndevu. Watu walimwita Mtaalamu, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa na simu mbili, viatu vinavyong'aa, na sauti ya mtu anayekupa siri.

“Bosi,” alisema, kidevu juu, “wanaoanza biashara hii wote wanakosea pale pale. Wanarithi wapangaji wa zamani na kodi ya zamani. Mpangaji wa zamani ndiye anayekula faida yako. Amezoea. Wewe tengeneza sura ya mbele. Jenga ukuta wa maana, weka geti lenye maua ya chuma, piga rangi, halafu pandisha kodi. Atakayeondoka aende zake. Mimi nakuletea watu wa heshima.”

“Na nyuma?” Kinyozi aliuliza.

“Nyuma nani anapaona?”

Kinyozi alicheka. Usiku wa siku hiyo alimweleza mkewe, na mkewe hakucheka.

“Mimi ningeanza na bati,” mkewe alisema, uzi mdomoni. “Dari ya chumba cha tatu ina madoa kama ramani. Nimeiona kwa macho yangu.”

“Bati halionekani barabarani, mama watoto.”

“Mvua inaliona.”

Kinyozi alinuna, maana alikuwa amekwisha kumwambia Mtaalamu ndiyo.

Wiki iliyofuata alikwenda na fundi ujenzi kupima ukuta. Nje ya chumba cha tatu, chini ya upenu, alikuwepo mwanamke wa makamo anayepiga pasi nguo za watu wa mtaa mzima. Meza yake ilikuwa ndefu, imetandikwa blanketi, na pembeni mashati yalining'inia yamenyooka kama wanajeshi. Waliomjua walimwita Mama Pasi. Alikuwa amepanga hapo miaka tisa.

“Karibu, baba,” alisema, akaweka pasi kando. “Hongera kwa nyumba. Nilitaka tuzungumze kidogo kabla hamjaanza kujenga. Kuhusu lile shimo la choo na huo ukuta. Unajua kila mwaka kabla ya—”

Kinyozi alikuwa ameshika upande mmoja wa kamba ya kupimia, na fundi upande wa pili anamwita asogee. Pia alidhani anajua mazungumzo haya yanaelekea wapi. Mtaalamu alikuwa amemwonya: mpangaji wa zamani akisikia ujenzi, atakuja na maneno mengi ili kodi isipande.

“Mama,” alimkatiza, “mambo ya ujenzi niachie mimi. Wewe shughulika na kodi yako tu.”

Mama Pasi aliichukua tena pasi. Akalowesha kidole, akakigusisha kwenye pasi, ikalia chss.

“Haya,” alisema, akaendelea na kola ya shati.

Ukuta ulijengwa, mrefu kuliko mtu. Geti likaja, jembamba, zuri, lina maua ya chuma yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Ukuta na nyumba vikapigwa rangi ya maziwa upande wa barabarani, na rangi ilipoisha kwenye kona ikaishia hapo hapo. Kinyozi alisimama ng'ambo ya barabara akaitazama, moyo ukamjaa. Siku ya pili akapita mlango kwa mlango kutangaza kodi mpya, imepanda kwa theluthi nzima.

Mama Pasi alitoa taarifa ya mwezi mmoja kama inavyotakiwa. Siku ya mwisho alifagia chumba, akapiga deki, akamkabidhi ufunguo. Wengine wawili walimfuata ndani ya wiki hiyo hiyo. Walibaki Mlinzi wa chumba cha kwanza, aliyekuwa akilinda ghala usiku na kulala mchana, na mume na mke wazee wa chumba cha sita ambao hawakuwa na nguvu ya kubeba kitanda.

“Usiogope,” Mtaalamu alisema. “Hapo sasa ndipo biashara inaanza.”

Kwa wiki saba haikuanza. Watu walikuja, wakalisifia geti, wakaingia ndani, wakatazama juu, wakaaga. Kila Jumamosi Mtaalamu alikuwa na maelezo mapya: mara mwisho wa mwezi, mara shule zimefungwa, mara watu siku hizi wanapenda vigae. Kinyozi akaanza kuweka pesa kando kwa ajili ya vigae.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja aliyevaa tai. Alilipa mwezi, akakaa mwezi na siku tisa, akahama siku ambayo Kinyozi yuko kazini. Aliondoka na balbu, kitasa cha mlango na koki ya bafuni.

“Ulisema ni mtu wa heshima!” Kinyozi alimwambia Mtaalamu.

“Bosi, heshima ilikuwepo. Si uliiona ile tai?”

Wa pili alikodisha spika kwa ajili ya harusi na mikutano. Alichukua vyumba viwili, cha nne na cha tano, kimoja chake na kimoja cha spika, na Kinyozi alimpokea kama mfalme. Kumbe spika ni lazima zipimwe kabla hazijakodishwa, na zilipimwa kuanzia saa tatu asubuhi.

Siku ya nne Mlinzi alitokea kinyozini bado amevaa sare, macho mekundu kama pilipili. Wateja wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi.

“Baba mwenye nyumba,” alisema, “mimi nalala mchana. Yule bwana anapima mchana. ‘Moja, mbili, moja, mbili.’ Hata tatu hafiki! Sasa nikilala naota nahesabu. Jana kazini bosi wangu kaniuliza ghala lina milango mingapi, nikamwambia moja, mbili, moja, mbili.”

Benchi zima lilicheka. Kinyozi hakuona cha kuchekesha. Jioni alikwenda kuzungumza na mtu wa spika, na mtu wa spika alimjibu kwa adabu kabisa.

“Mzee, mimi dalali nilimuuliza. Nikamwambia kazi yangu ina kelele, je, kuna masharti? Akasema hapa hakuna masharti. Nikalipa miezi mitatu mbele. Sasa mzee, unataka nipime kwa kunong'ona?”

Kinyozi alirudi nyumbani kichwa kinamuuma. Kwa miaka thelathini alikuwa amezoea kazi inayoisha. Mtu anaingia na kichwa kichafu, anatoka na kichwa safi, mmeachana. Hii nyumba ilikuwa haiishi. Ukiziba hapa, inafumuka pale. Kila simu ikiita, alitazama kwanza ni nani kabla hajaipokea.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Kinyozini kulikuwa kumejaa. Mtaalamu alikuwa kwenye kiti, kitambaa cheupe shingoni, ndevu za upande wa kulia zimekwisha kutengenezwa, za kushoto bado. Alikuwa akieleza kuhusu vigae. Mara mlangoni wakasimama watu watatu kwa mpigo: Mlinzi, mtu wa spika, na yule bibi wa chumba cha sita ambaye Kinyozi hakuwahi kumwona nje ya geti. Ukiona mlinzi na mtu wa spika wamekuja pamoja, ujue hali ni mbaya.

“Shimo limejaa,” Mlinzi alisema.

“Jaribu kuongea taratibu,” Kinyozi alimwomba, akitupa jicho kwenye benchi.

“Limejaa na limefurika!” bibi alisema kwa sauti ambayo hata mtu wa spika aligeuka kumtazama. “Uwanja wote! Mume wangu yuko juu ya kiti, hawezi kushuka. Na wewe uko hapa unapendezesha watu!”

Kinyozi aliweka mkasi chini, akatoka mbio, wapangaji nyuma yake.

“Bosi! Ndevu zangu!” Mtaalamu aliita. Hakuna aliyemjibu. Hangeweza kutembea mjini na ndevu za upande mmoja, basi naye akafuata, kitambaa kinampepea mgongoni.

Kulivyokuwa kule uwanjani hakuna haja ya kueleza. Inatosha kusema kwamba majirani walikuwa wamefunga madirisha siku ya joto. Kinyozi aliita gari la kunyonya maji taka. Lilifika baada ya saa nzima, kubwa, linanguruma. Dereva alishuka, akapima geti kwa hatua zake, akatikisa kichwa.

“Hapa gari halipiti.”

“Vuta mpira,” Kinyozi alisema.

Dereva aliuvuta mpira wote. Ulifika katikati ya uwanja ukakoma, na shimo bado liko mbali, nyuma ya choo. Akasimama ameshika kiuno.

“Mimi hii nyumba naijua,” alisema. “Nimekuja hapa mwaka hadi mwaka. Tulikuwa tunarudi nyuma kwa gari mpaka pale penye bomba, maana ukuta ulikuwa wazi. Nani kajenga huu?”

Mtaalamu aliinamia simu yake kama amepata ujumbe wa ajabu.

“Na kuna mama alikuwa akinipigia yeye mwenyewe, kila mwaka kabla ya mvua,” dereva aliendelea. “Yule wa pasi. Mwaka huu nikashangaa hajanipigia. Kwani kafa?”

“Hajafa,” Kinyozi alisema. “Kahama.”

“Basi. Ama ubomoe, ama niende. Nina wateja wengine wanne.”

Kinyozi aliazima nyundo kubwa kwa mchomea vyuma wa jirani. Pigo la kwanza halikufanya kitu, ilidondoka rangi tu, na rangi ile ilikuwa bado inang'aa. Pigo la pili tofali likapasuka. Watu walikuwa wamekusanyika barabarani, wengine wateja wake mwenyewe waliomfuata kutoka kinyozini. Jasho lilimwingia machoni. Alikuwa anapiga na kutukana moyoni, na hakujua hasa anamtukana nani, fundi, dalali au ukuta. Kila tofali lilikuwa na siku zake ndani yake, watoto wa shule waliokuja kunyolewa mwisho wa likizo, mabwana harusi, wazee wasio na nywele waliotaka tu kukaa.

“Bosi,” Mtaalamu alisema nyuma yake, kwa ile sauti yake ya siri, “ungebomolea upande ule mwingine. Huu ndio unaoonekana.”

Kinyozi aligeuka. Alimnyooshea mpini wa nyundo.

Mtaalamu aliutazama ule mpini, akaitazama simu, akaiweka sikioni ingawa haikuwa imeita. “Haloo? Ndiyo, mheshimiwa,” alisema, akala kona, ndevu upande mmoja, kitambaa cha Kinyozi bado shingoni. Hakurudi tena, wala kitambaa hakikurudi.

Mlinzi ndiye aliyepokea nyundo. Alipopumzika, mtu wa spika akashika. Saa kumi jioni gari lilirudi nyuma mpaka penye bomba na kazi ikafanyika.

Nyumbani Kinyozi alioga mara mbili, akakaa mezani ameshika tama. Mkewe alikuwa anamalizia sare za shule, cherehani inakwenda.

“Sema,” Kinyozi alimwambia.

“Sisemi.”

“Si bora useme tu?”

“Nikisema utanuna, na nisiposema umeshanuna. Bora nishone.” Mguu wake ukaendelea kukanyaga. Kisha ukasimama. “Lakini huyo mama wa pasi ungemtafuta.”

Kumpata hakukuwa kazi. Ukifuata mashati yaliyonyooka utafika. Alikuwa amehamia mtaa wa tatu, kwenye chumba kilichotazamana na mti mnene, meza yake imewekwa kivulini. Ilikuwa Jumapili, hakuwa anafanya kazi. Alimletea Kinyozi kiti na maji ya kunywa, akamwacha amalize glasi.

“Mama, nimekuja kukuomba radhi,” Kinyozi alisema. Alikuwa ameyapanga maneno njiani. “Na nimekuja kukuomba urudi. Chumba kipo. Kodi ile ile ya zamani, hata mwaka mzima sitaigusa.”

“Radhi nimeipokea,” Mama Pasi alisema. “Kurudi, hapana.”

“Kwa nini? Hapa unalipa zaidi, nimeuliza.”

“Ninalipa zaidi, ndiyo. Baba, wewe unafikiri niliondoka kwa sababu ya nyongeza. Nyongeza ningelalamika, ningekuita majina jioni na wenzangu, halafu ningelipa. Niliondoka kwa lile neno lako, kwamba nishughulike na kodi yangu tu. Miaka tisa kwenye nyumba ile. Mzee alipokuwa anaumwa mimi ndiye niliyekuwa naita fundi. Bomba likipasuka nafunga mimi. Halafu anakuja mtu na kamba.”

Kinyozi alitazama glasi. Uso ulimwaka. Alikuwa mtu mzima, ana wajukuu wawili, na alijiona kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

“Basi nieleze,” alisema mwishowe, kwa ukali ambao hakuukusudia. “Kila mtu mjini hapa amenishauri. Wamenimaliza! Kila mmoja na lake. Nieleze na wewe, nianzie wapi?”

“Umewahi kukaa pale? Tangu asubuhi mpaka jua linatua?”

“Nakwenda kila wiki.”

“Unakwenda kudai. Nauliza kukaa. Mimi nimepanga nyumba saba maishani, na mwenye nyumba aliyejua nyumba yake ni yule mzee peke yake, kwa sababu alikuwa analowa na sisi. Chukua kiti, ukakae chumba cha tatu siku nzima. Usiende na dalali.”

Kinyozi alirudi nyumbani amekasirika. Alitaka aambiwe kitu cha kununua au mtu wa kumwita, si kupewa adhabu ya kukaa kwenye chumba kitupu. Lakini Jumatatu kinyozini hufungwa, na kesho yake ilikuwa Jumatatu, na mkewe, aliyesimuliwa yote, alikuwa ameshamtengea kigoda na chupa ya chai mlangoni.

Alifika saa moja asubuhi. Saa moja na nusu alijua kwamba ukifungua bomba la uwanjani kidogo, maji hayaji, na ukifungua zaidi yanakurukia miguuni. Saa mbili alijua kwamba moshi wa jiko la chumba cha sita huingia moja kwa moja chumba cha tatu na kukaa humo. Saa tatu spika zilianza. Aliisikia moja, akaisikia mbili, na kwa mara ya kwanza akaelewa yale macho mekundu. Ukuta wenyewe ulikuwa unatetemeka mgongoni mwake.

Saa nne na robo spika zilinyamaza, na mvua ikaanza.

Mwanzo lilikuwa tone moja, likaangukia goti lake. Akasogeza kigoda. Tone la pili likaangukia chai. Alitafuta ndoo uwanjani, akaiweka chini ya doa kubwa, kisha akapata sufuria kuukuu, akaiweka chini ya doa la pili. La tatu halikuwa na chombo. Alisimama kwenye kona pekee iliyo kavu, mikono ameikunja, akitazama maji yakiingia ndani ya nyumba aliyoinunua kwa miaka kumi na minane. Upande wa barabarani, alijua, rangi ya maziwa ilikuwa inapendeza sana kwenye mvua.

Mara ukuta ukagongwa kwa ngumi kutoka chumba cha pili, kitupu, ambako Mlinzi alikuwa amehamisha godoro lake kukimbia spika.

“Wewe wa chumba cha tatu!” Mlinzi alifoka. Hakujua ni nani aliyemo. “Tia kitambaa kwenye ndoo! Hayo matone yananipigia kichwani!”

Kinyozi alitafuta kitambaa, hakukiona. Alivua fulana ya ndani, akaikunja, akaiweka ndani ya ndoo. Sauti ya matone ikafifia.

“Ahsante!” Mlinzi alisema, na baada ya muda akaanza kukoroma.

Pesa za vigae zilikwenda kwenye bati. Hazikutosha, kwa sababu fundi alipofungua paa alikuta mbao mbili zimeoza, akamwita Kinyozi apande ngazi ajionee, na Kinyozi alipanda akajionea, akashuka na maneno ambayo wateja wake hawajawahi kuyasikia. Mkewe alishona usiku na mchana mwezi mzima. Nyongeza ya kodi ilipunguzwa nusu kwa waliobaki. Pale alipovunja hakupajenga tena. Alikodi mtu akasafisha kingo. Geti lilibaki na maua yake ya dhahabu, na watu wakawa wanapita pembeni.

Mtu wa spika hakukubali kirahisi. Walibishana siku tatu, yeye akishika risiti yake ya miezi mitatu, Kinyozi akishika kichwa. Mwishowe waliandikiana karatasi kwamba spika zitapimwa kuanzia saa kumi jioni, Mlinzi akiwa ameshaamka, na Mlinzi akaweka sahihi kama shahidi, kubwa kuliko za wenyewe.

Miezi miwili ikapita hivyo. Faida haikuwepo ya kusema. Wateja walipomuuliza biashara ya nyumba inakwendaje, alijibu, “Inakwenda,” akawasha mashine ili wasiendelee.

Chumba cha tatu kilikaa kitupu mpaka alipokuja dada mmoja, muuguzi wa zamu katika zahanati ya karibu. Hakuletwa na dalali, aliona kibao. Kinyozi alimfungulia mlango, akavuta pumzi, akamweleza: maji hutoka siku moja ndiyo siku moja hapana, paa limetengenezwa mwezi juzi lakini mvua kubwa halijaonja bado, jikoni kwa bibi wa chumba cha sita kuna moshi, na jirani wa chumba cha kwanza hulala mchana kwa hiyo hataki makelele.

Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. “Baba, unataka kupangisha au hutaki?”

“Nataka sana.”

“Nitakuja na mama yangu,” alisema, akaondoka, na Kinyozi alijilaumu njia nzima kwa kuropoka.

Walikuja Jumatano. Mama yake alikuwa mfupi, mkali wa macho, na hakusalimia mpaka alipogonga kuta zote nne kwa mafundo ya vidole. Alifungua mlango akaufunga. Alichuchumaa akatazama chini ya mlango. Kisha akaenda kwenye dirisha, akalivuta, na dirisha likakataa kufunga. Liliacha mwanya wa vidole viwili.

“Hili je?”

Kinyozi alilitazama. Alikuwa amekaa siku nzima kwenye chumba hicho, alikuwa amepanda paani, amebadilisha mbao na misumari, na hakuwahi hata siku moja kulifunga lile dirisha. Kutakuwa na kitu kingine kila mara? Kila atakayeingia atakuta lake?

“Hilo sikuliona,” alisema.

“Mwanangu anarudi kazini usiku. Hawezi kulala na dirisha wazi.”

“Mama, mwache baba apumue,” muuguzi alisema.

“Atapumua akimaliza.”

Kinyozi alikwenda kuazima bisibisi kwa mtu wa spika. Aliporudi, mama alikuwa amekalia kigoda kilichoachwa humo, mikono magotini, amejiandaa kutazama. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea, na skrubu moja haikuwepo kabisa. Alianza kukaza. Bisibisi iliteleza, ikamchuna kidole.

“Unaishika vibaya,” mama alisema. “Shika kwa chini. Sukuma kwanza, halafu zungusha.”

Kinyozi alitaka kumwambia kwamba mikono hii imeshika wembe miaka thelathini. Badala yake alishika kwa chini, akasukuma kwanza, halafu akazungusha.

“Kidogo zaidi,” mama alisema. “Bado. Bado kidogo.”